Kipa wa Mkopo

Suleimani alifika kambini wachezaji wakiwa bado wanakunywa chai. Gari lake lilisikika kabla ya kuonekana, maana ukungu wa Januari ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Mbizi na kuimeza barabara yote ya kuelekea Kasense. Sayi Ngeleja aliutambua mlio wa injini. Akakiweka kikombe mezani.

Tangu jana alijua kwamba atakuja. Hakujua tu kwamba angewahi hivyo.

"Shikamoo, Baba Ummy."

"Marahaba, mwanangu. Maliza chai yako, usikimbizwe na mtu. Kisha twende garini tuongee kidogo, mimi na wewe."

Sayi alikuwa kipa wa Mbizi Stars, timu ya Sumbawanga iliyokuwa ikihangaika isishuke daraja. Alikuwa kipa wa Mbizi, lakini hakuwa mali ya Mbizi. Mwenye mkataba wake alikuwa klabu kubwa ya Dar es Salaam, ambayo ilimsajili akiwa na miaka kumi na tisa, siku ambayo nusu ya Mtowisa, kijiji chao cha bondeni, ilikesha ikicheza ngoma uani kwao. Watu wa bondeni waliamini wangemsikia redioni kila Jumamosi. Hawakumsikia. Klabu ile haikuwahi kumpanga hata mechi moja. Msimu wa kwanza ilimpeleka Mtwara kwa mkopo, wa pili Bukoba, wa tatu Tabora. Kila mara habari ilimfikia kwa simu, tiketi ikiwa imeshakatwa. Safari ya nne ndiyo ilimleta Sumbawanga, na hii angalau aliifurahia, kwa sababu kutoka pale ni kuteremka tu Lyamba, ule ukingo mkali wa bonde, kwenda kumsalimia mama.

Na aliyemfungulia mlango wa yote hayo alikuwa Suleimani. Ukoo wao una maduka na malori mjini, na yeye mwenyewe alikuwa akishuka Mtowisa na Fuso kununua mpunga. Huko ndiko alikomwona kijana wa Kisukuma, mwembamba, mikono mirefu, akidaka mpira kwenye kiwanja chenye kinyesi cha ng'ombe. Akajifunza kazi ya uwakala kwa sababu yake.

Garini vioo vilikuwa vimejaa mvuke. Suleimani hakuwasha injini.

"Unajua leo ni siku gani?"

"Dirisha dogo la usajili linafungwa."

"Saa kumi na mbili jioni. Na hii kanuni mpya imewabana watu wa Dar kooni. Wachezaji sita tu ndio wanaoruhusiwa kuwa nje kwa mkopo. Wao wana zaidi ya ishirini. Sita wameshawachagua." Akatazama usukani. "Wewe humo."

Kanuni yenyewe Sayi aliisikia kwenye redio, kwamba shirikisho limechoka kuona klabu zenye nguvu zikikusanya vijana kama mlanguzi anayejaza mahindi ghalani, kisha kuwatawanya mikoani wasije wakawa wa mtu mwingine. Alichokuwa hajui ni kwamba mchezo huo ungemkuta yeye siku moja na saa moja, ndani ya gari, na mtu huyu.

"Sasa wamepata njia," Suleimani aliendelea. "Unauzwa Morogoro. Miaka mitatu. Msimu huu unabaki hapa hapa unadaka, kisha unahamia kule. Ni saini yako tu inayongojwa."

"Morogoro wananitaka?"

"Wanakutaka, eeh."

"Kocha wao amewahi kuniona?"

Suleimani alifuta kioo kwa kiganja, ingawa nje hapakuwa na cha kuona. "Sayi, mimi sijawahi kukuomba kitu. Au nimewahi?"

"Hujawahi, Baba Ummy."

"Basi leo nakuomba."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Miaka minane nyuma, mvua za masika zikiwa zimeikata barabara ya bondeni, mama yake Sayi alishikwa na uchungu wa mtoto na mambo yakaharibika. Suleimani alikuwa kijijini na lori limeshajazwa mpunga. Aliamuru magunia yashushwe yote pale pale matopeni, mama akalazwa juu ya godoro, na wakaanza kuupanda ukingo wa Lyamba, lori likiteleza, wanaume wakitia mawe nyuma ya matairi. Mpunga ule ulioza. Mama alifika hospitali, akajifungua salama. Tangu siku ile Suleimani hakuitaja safari ile mbele yao, si kwa kujisifu wala kwa utani. Na ni huko kutoitaja kulikoifanya iwe nzito, kwa sababu mtu anayekukumbusha wema wake unaweza angalau kumkasirikia.

"Nipe muda nifikiri," Sayi alisema.

"Fikiri. Lakini dirisha halifikiri."

Sayi alipotoka garini, Redempta alikuwa stoo akihesabu jezi. Huyu ndiye katibu wa klabu, mama wa Kifipa mwenye sauti ndogo, na ndiye aliyetumwa na klabu kwenye semina ya kanuni hizo mpya. Sayi alijifanya amekuja kuchukua glavu.

"Dada Redempta, mtu asiposaini mpaka dirisha likafungwa, inakuwaje?"

Redempta alichungulia mlangoni kwanza. "Kama hayumo kwenye wale sita, na hawakumrudisha wala kumuuza, mkataba wake na wenye mali unakufa. Anamaliza msimu pale alipo. Baada ya hapo ni mtu huru, anakwenda anakotaka."

"Na hii ya Morogoro?"

"Morogoro na Dar tajiri ni mmoja, kaka. Hapo hujauzwa. Umetolewa mfuko wa kulia ukatiwa wa kushoto. Kwenye karatasi wao wamepunguza, na wewe umefungwa miaka mitatu tena." Akamkabidhi glavu. "Usisaini kitu. Na mimi sijakwambia neno. Mwenyekiti ameshaahidiwa wachezaji wawili wa mbele kama wewe ukikubali. Ananiuliza kila dakika."

Mechi ilikuwa saa kumi jioni, dhidi ya wageni kutoka Songea. Timu ilipofika uwanjani ukungu ulikuwa umeondoka, lakini wingu zito lilitanda upande wa bondeni na upepo ulikuwa ukipiga mabati ya jukwaa. Watu walikuwa wamejaa. Kocha Evaristi aliwakusanya kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akasoma kikosi bila kuinua macho.

"Golini, Gabriel."

Gabriel alikuwa kijana wa kijiji cha Kate, kipa wa akiba, na hakuwa amedaka mechi ya ligi tangu Sayi aletwe. Alisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine. Hakumtazama Sayi.

Sayi alimfuata kocha kwenye korido. "Nimekosa nini, kocha?"

"Hujakosa."

"Basi?"

"Nimepigiwa simu." Evaristi alikuwa mtu mzima mwenye mvi kichwa kizima, na Sayi hakuwahi kumwona akikosa pa kuweka mikono yake. "Wamesema ukisaini, hata kipindi cha pili unaingia. Usiposaini, kaa. Mimi nina watoto shuleni, Sayi. Usiniangalie hivyo."

Filimbi ikapigwa. Kutoka benchi Sayi aliuona mchezo vibaya, kama mtu anayetazama nyumba yake kutoka dirisha la jirani. Mpira wa kwanza Gabriel aliupangua ovyo, wa pili ukampita katikati ya miguu. Songea moja, Mbizi bila. Jukwaa likalipuka, si kwa furaha.

"Kipa wetu yuko wapi?" mtu alipaza sauti. "Sayi anaumwa nini?"

"Ameringa huyo!" mwingine akajibu. "Dar wamemwita!"

Maneno yalimchoma masikioni. Angeweza kuyamaliza kwa saini moja. Alijikuta anaiwaza saini yenyewe, lile jina lake fupi, jinsi lingeandikika upesi kuliko hata kufunga kamba za viatu. Na baada yake? Morogoro, na baada ya Morogoro pengine Kigoma, pengine Lindi, begi mlangoni, umri unakwenda. Upande wa pili kulikuwa na nini? Kulikuwa na neno "huru", ambalo hakujua linaliwa vipi. Makipa huru wako wengi vijiweni.

Muda wa mapumziko ulipofika, Suleimani alikuwa kwenye geti dogo nyuma ya goli, akimpungia mkono. Gari lilikuwa pale pale nje. Sayi alivuka nyasi zenye maji, na alipokaribia aliona kwamba kiti cha mbele kina mtu. Mtu mwenyewe alikuwa amejifunika koti la Suleimani juu ya kitenge, kwa baridi.

Akausogelea mlango.

"Mayu," alisema. Ndivyo wanavyomwita mama kwao.

Minza, mama yake, alishusha kioo akatabasamu. Alikuwa amechoka kwa safari, vumbi la bondeni bado liko kwenye nyusi. "Nimeletwa kukuona unadaka. Mbona hudaki?"

"Ulikuja saa ngapi?"

"Baba Ummy alituma gari alfajiri. Amesema leo unapewa kazi kubwa, na mama mtu anatakiwa awepo." Akamshika mkono kupitia dirishani. "Saini, mwanangu. Huyu ni mtu wetu. Tungekuwa wapi bila yeye?"

Suleimani alikuwa ameshaweka karatasi na kalamu juu ya boneti. Mkononi simu yake ilikuwa inaita. Aliitazama, akasita, akaipokea, na kwa kuwa vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, vikagusa kitufe cha spika, sauti ikatoka nje kwa wote.

"Mzee, tumefika wapi?" Ilikuwa sauti ya mkurugenzi wa usajili wa Dar, mtu ambaye Sayi alikutana naye mara mbili tu maishani. "Saa zinakwenda huku. Tunangoja wewe tu."

"Nipo naye hapa. Dakika chache."

"Mama yake yupo?"

"Yupo, lakini subiri..."

"Basi mkumbushe. Si ulisema ndiye uliyempandisha mlimani na lori akiwa anakufa? Mwambie huyo mama amwambie mwanawe. Hiyo ndiyo karata yako, mzee, itumie."

Suleimani alibonyeza simu mara mbili, mara tatu, mpaka ikazima. Uwanjani kipaza sauti kilikuwa kinapiga muziki uliokatikakatika kwa upepo.

Minza alikuwa ameuachia mkono wa mwanawe. Hakukasirika. Alikuwa anamtazama Suleimani kwa makini, kama anayejaribu kukumbuka amewahi kumwona wapi.

"Sayi," alisema bila kugeuka, "kwa nini umekaa benchi?"

"Kwa sababu sijasaini, mayu."

"Ukisaini unapata nini?"

"Nabaki kuwa wao miaka mitatu. Wananipeleka wanakotaka. Sijawahi kudaka kwao hata siku moja. Miaka yote hii ni kuazimwa tu, kama jembe."

"Na usiposaini?"

"Sijui. Nakuwa wangu. Naweza nikakosa timu."

Mama alifikiri. Alitoa koti begani, akalikunja taratibu, akaliweka juu ya usukani.

"Baba Ummy."

"Naam, Mama Sayi."

"Siku ile uliposhusha mpunga wako, ulikuwa unaninunua?"

Mtu yule mnene, mwenye maneno ya kuuza hata maji ziwani, alisimama kando ya gari lake akiwa ameshika simu iliyokufa, na macho yake yakajaa machozi.

"Wallahi, hapana," alisema mwishowe. "Sikuwaza hata mpunga. Niliwaza hatutafika."

"Najua. Ndiyo maana watoto wangu wanakuita baba. Ulinisaidia mimi, na wa kukushukuru ni mimi, mpaka nife. Lakini mtoto huyu usimtie kwenye shukrani zangu."

"Nilimhadithia yule mtu siku moja tukila, Mama Sayi. Nilikuwa natamba. Sikujua ameiweka akiba." Akaiokota karatasi kwenye boneti, ikampeperukia, akaikamata, akaikunja bila kuitazama na kuitia mfukoni. "Nenda, Sayi. Timu inaingia."

"Watakufanya nini, Baba Ummy?"

"Watanifanya niuze mpunga. Nenda."

Sayi alirudi benchi. Kocha alimtazama akimwuliza kwa macho, naye akatikisa kichwa. Mwenyekiti, jukwaani, aliona, akasimama, akatoka nje ya uwanja na simu sikioni. Dirisha lilikuwa bado wazi. Kwa muda wote wa kipindi cha pili Sayi alikuwa akingoja mkono wa mtu begani: mwenyekiti, polisi, mkurugenzi mwenyewe amedondoka kutoka angani. Kila aliyepita nyuma ya benchi alimfanya ageuke.

Mvua ilianza. Mbizi walisawazisha kwa kona, na uwanja mzima ukaruka. Kisha Songea wakaja kwa hasira. Na hapo likatokea ambalo hakuna aliyelipangia: Gabriel akaanza kudaka. Sijui ni mvua, sijui ni lile goli. Aliruka kushoto akatoa mpira uliokuwa umeshaingia kwa macho ya watu. Akatoka akaurukia miguuni mwa mshambuliaji. Dakika za nyongeza ilipigwa krosi, kichwa kikapigwa kutoka hatua chache tu, na Gabriel akaupeleka mpira juu ya mwamba kwa ncha za vidole. Jukwaa likawa linaimba jina lake, wengine kwa Kifipa, na mwalimu wake wa shule ya msingi, aliyekuja kutoka Kate, alikuwa analia kama mtoto.

Sayi alipiga makofi. Alipiga kwa nguvu, na kifuani wivu ukamuuma, na pamoja na wivu likaja jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Tangu aje yeye kwa mkopo, kijana huyu wa hapa hapa alikuwa ameozea benchi. Dar walimwazima Sayi ili wasimpoteze, na Mbizi wakampoteza Gabriel wao bila kujua. Yeye alijiona ndiye pekee aliyeonewa.

Mechi iliisha goli moja kwa moja. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Gabriel alikaa chini na jezi yake iliyolowa, akicheka. Sayi alimpa taulo lake mwenyewe.

"Ile ya mwisho uliionaje?"

"Sikuiona," Gabriel alisema. "Nilirusha mkono tu, mshikaji."

Redempta alipita mlangoni akiwa na mwavuli. Hakuingia. "Dirisha limeshafungwa," alisema kwa ile sauti yake ndogo, akaenda zake.

Sayi alikaa. Alikuwa ametegemea furaha, lakini kilichokuja kilikuwa hofu nyingine, pana kuliko ya kwanza, ya mtu anayetoka mlangoni na kukuta hakuna aliyemngoja wala anayemfukuza.

Mambo hayakuwa rahisi baada ya hapo. Mkurugenzi alimpigia mara mbili, akamtukana, kisha kimya. Mwenyekiti alimnunia msimu mzima. Na nafasi golini hakurudishiwa. Evaristi alimwita akamwambia ukweli: "Gabriel amedaka vizuri. Nikimtoa nitakuwa nimemfanyia kama nilivyokufanyia wewe." Sayi aliona ni haki. Alidaka mechi tatu tu, Gabriel alipoumia kidole. Timu ilinusurika kushuka.

Msimu ulipokwisha alishuka Mtowisa na begi lake, akawasaidia nduguze kuvuna mpunga. Jua la bondeni lilimkaanga. Wiki zilipita, simu haikulia, na wanakijiji wakaanza kumsalimia kwa ile huruma ambayo hupewa mtu aliyefiwa. Suleimani naye alikuja na lori. Dar walikuwa wamemwachia wakala mwingine kazi, na yeye hakulalamika. Minza alimtandikia mkeka, akamchinjia kuku. Walikula bila kuigusa habari ile. Wakati wa kuondoka alimvuta Sayi pembeni.

"Kocha wa Songea ameniuliza habari zako. Alikuona mzunguko wa kwanza, ile mechi ya kwao uliyowanyima magoli. Nikamwambia mimi simsemei tena huyu kijana, ampigie mwenyewe. Namba nimempa."

Simu ilikuja siku iliyofuata. Mtandao ulikuwa unashika vizuri juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zizi, kwa hiyo Sayi alipanda huko, matope ya jaruba la mpunga bado yamemkauka miguuni. Kocha alisema anahitaji kipa. Akaeleza timu yake ilivyo, bila kuipamba. Kisha akauliza:

"Wewe mwenyewe unataka mwaka mmoja au miwili?"

Sayi aliwatazama ng'ombe waliokuwa wakipita chini yake kuelekea majini.

"Haloo? Mtandao umekata?"

"Hapana, kocha, nakusikia."

"Sasa?"

"Mmoja," Sayi alisema. Halafu, kabla moyo haujamrudi, akaongeza: "Lakini nataka nije kwanza niuone uwanja. Na nijue kipa wenu wa sasa ni nani."

Upande wa pili kocha alicheka. "Njoo," alisema. "Njoo umwone mwenyewe."